B.A. au B.Sc.: Tuliyojifunza Tukijaza Fomu za Udahili na Vijana wa Kidato cha Sita

"Mwalimu, nisome sanaa au sayansi?"

Swali hili huanza kutufikia Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, na wengi wanaouliza walishajibiwa miaka miwili nyuma, siku walipopangiwa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Aliyesoma HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) hana njia ya kwenda uhandisi hata kama matokeo yake ni A tatu. Wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) naye hana la kuuliza, anachotafuta ni uhandisi upi na chuo gani. Swali lina uzito kwa waliosimama katikati: EGM (uchumi, jiografia, hisabati), HGE (historia, jiografia, uchumi), CBG (kemia, baiolojia, jiografia), PGM (fizikia, jiografia, hisabati), ECA (uchumi, biashara, uhasibu), watoto wa jiografia na uchumi, ambao matokeo yao yanafungua milango ya pande zote mbili. Waongeze na wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) walioingia kidato cha tano na ndoto ya udaktari, alama zikagoma. Tahasusi zimeongezwa sana tangu 2024, lakini walio mpakani ni walewale: kila mwenye jiografia, uchumi au hisabati iliyochanganywa na somo la upande wa pili.

Tuanze na jina la shahada, maana limewapoteza wengi kabla hawajafika mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya sanaa katika takwimu. Naam, takwimu, kukokotoa kutwa kucha, na cheti kinasomeka B.A. Chuo Kikuu Mzumbe kinatoa shahada ya sayansi katika uchumi, na hakuna anayevaa koti jeupe. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya sayansi katika usimamizi wa ardhi na uthamini, kozi ambayo ndani yake mna sheria na uchumi kwa wingi. Ukivuka bahari, aliyemaliza miaka mitatu ya fizikia Oxford hutunukiwa B.A. Jina hufuata kitivo kilichoilea programu na desturi ya chuo. Ugumu wa masomo na thamani yake sokoni havimo kwenye herufi hizo.

Kwa hiyo mzazi anaposema, "Mwanangu asisome B.A., asome B.Sc.," sisi humuuliza kwa upole, "Mzee, B.Sc. ya nini?" Mara nyingi mazungumzo ya kweli huanzia hapo.

Mahali ambapo herufi zinauma kweli ni ualimu. Shahada ya sayansi na ualimu, na ile ya sanaa na ualimu, zote humpa mhitimu masomo mawili ya kufundishia, na hayo mawili ndiyo yanayotajwa kwenye tangazo la ajira. Matangazo ya walimu wa sekondari wenye shahada huandikwa kwa somo: Mwalimu Daraja la III C, Fizikia, Mwalimu Daraja la III C, Historia. Jiografia imekaa mpakani. Ukiibeba upande wa sayansi utaiunganisha na hisabati, baiolojia au kemia kulingana na chuo. Ukiibeba upande wa sanaa itakwenda na historia, Kiswahili au Kiingereza. Mwenye CBG au EGM anayetaka kufundisha tumemwambia mara nyingi: jiografia usiipe mwenzake wa sanaa kama una prinsipo (ufaulu wa A hadi E kidato cha sita) ya hisabati au kemia mkononi. Walimu wa jiografia na historia ni wengi mno. Wa jiografia na hisabati wanatafutwa. Anayesoma B.Sc. isiyo na ualimu akidhani atafundisha baadaye ajue kwamba kuna mwaka mwingine mmoja wa stashahada ya uzamili ya ualimu mbele yake, pamoja na ada yake.

Sasa kitabu chenyewe. Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hupangwa kwa majedwali, chuo kimoja baada ya kingine, na kila mstari una jina la programu, namba yake, masharti ya kuingia, pointi za chini zinazotakiwa na chuo, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Vijana husoma safu ya kwanza na ya mwisho. Maangamizi yako katikati.

Kwanza pointi. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kitaifa ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Waliomaliza 2014 na 2015 wana kipimo chao kwa sababu madaraja yalikuwa tofauti, kwa hiyo kaka mtu asimkokotolee mdogo wake kwa kipimo cha zamani. Pointi hizo hazihesabiwi kwenye masomo yako yote, wala hazihusiani na divisheni. Kwa programu nyingi huhesabiwa kwenye masomo mawili yanayotajwa na programu ile, basi.

Chukua kijana wa HGE mwenye Historia B, Jiografia C, Uchumi E. Divisheni yake ni ya pili kwa alama 10 (kwenye divisheni A ni 1 na E ni 5, ndogo ndiyo bora), na nyumbani wameshachinja kuku. Akiomba programu ya uchumi inayolazimisha somo la uchumi liwe mojawapo ya mawili, na jiografia ikiwa miongoni mwa yanayokubalika kama la pili, ana 1 ya uchumi na 3 ya jiografia: pointi 4, mkiani kabisa mwa foleni. Ile B ya historia haimsaidii kitu. Mwenzake wa EGM mwenye Uchumi D, Jiografia D, Hisabati E yuko divisheni ya tatu, lakini kwenye programu ileile ana pointi 4 vilevile. Huyo wa HGE angeomba shahada ya sanaa inayopokea historia na jiografia angeingia na pointi 7. Ukiona mtu mwenye divisheni nzuri amekosa chuo, na jirani yake mwenye divisheni ya chini amepata, sababu huwa hii kabla hujafikiria ndugu wa mtu ofisini.

Pili, mkia wa sharti. Sentensi ya kwanza husema prinsipo mbili kati ya masomo fulani. Kisha huja sentensi ya pili, ambayo simu hulazimisha usogeze skrini uione: kama hisabati si mojawapo ya prinsipo zako, uwe na angalau ufaulu wa subsidiari (alama S, chini ya E) katika BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, au alama fulani ya hisabati ya kidato cha nne. Mkia huu umekata maombi mengi ya uchumi, takwimu, TEHAMA na kozi za biashara. BAM haihesabiwi kwenye divisheni, kwa hiyo shuleni wengi huichukulia kama kipindi cha kupumzika. Wanaikumbuka Julai.

Angalia pia tofauti ya "mawili yoyote kati ya" na "lazima mojawapo liwe". Na kwa wa PCB, udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu za fizikia, kemia na baiolojia, kila moja isipungue D, jumla isipungue 6. Mwenye Baiolojia C, Kemia D, Fizikia E ana jumla ya 6 kamili, na hana sifa. E moja ya fizikia imemfunga. Mlango alionao ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kutazama kwingine kwa moyo mweupe. Tunasisitiza moyo mweupe kwa sababu tumewaona wengi wakichukua B.Sc. yoyote ya baiolojia kama kituo cha kusubiri, wakiamini wakipata GPA (wastani wa alama za chuo) kubwa mwaka wa kwanza watahamishiwa udaktari. Kuhama kunaangalia sharti lilelile la kuingilia. GPA haifuti E. Mwaka wa pili wanakuwa hawana udaktari, na ile B.Sc. walishaichukia.

Tatu, pointi 4.0 zinakuruhusu kupanga foleni tu. Programu yenye nafasi 50 na waombaji wengi wenye pointi 8 itakuacha nje na 4 zako halali kabisa. Ndiyo maana safu ya nafasi inastahili kusomwa: programu mbili za aina moja kwenye vyuo viwili zinaweza kuwa na sharti sawa, moja ikiwa na nafasi mara nne ya nyingine.

Baada ya kuhakikisha milango ipi iko wazi, ndipo linakuja jambo ambalo hakuna aliyemweleza kijana: siku zake zitapitaje. Hapa ndipo sanaa na sayansi zinapoachana kweli, na hesabu yake ni rahisi. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 60 kwa muhula. Krediti moja ni saa 10 za kazi: mihadhara, semina, maabara, asaimenti na kujisomea, vyote vikijumlishwa. Muhula una saa 600. Ukigawanya kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki, sawa na mwajiriwa. Hesabu hiyo ni ileile kwa B.A. na B.Sc. Kinachotofautiana ni nani anayezishika hizo saa.

Kwenye sayansi za maabara ratiba inakushika mkono. Jumanne saa nane mchana hadi saa kumi na moja una kemia ya vitendo, Alhamisi una baiolojia, na kila moja inadai ripoti: lengo, vifaa, hatua, jedwali la vipimo, ukokotoaji, makosa ya vipimo, hitimisho. Umekosa praktiko moja, alama zake zimekwenda, kwa sababu kemikali zilipimwa kwa kundi la siku ile na fundi wa maabara hafungui tena kwa ajili ya mtu mmoja. Praktiko mbili za namna hiyo zinatosha kushusha koseweki (alama za kazi za muhula) hadi mahali ambapo mtihani wa mwisho hauwezi kuokoa. Wanaoanguka mwaka wa kwanza wa sayansi si lazima wawe wazito wa kichwa. Wengi ni wale waliozoea shule ambako praktiko ilifanywa wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, na wakafika chuo hawajawahi kuandika ripoti hata moja kwa mikono yao.

Kwenye sanaa ratiba inakuachia. Unaweza kuwa na vipindi kumi na vitano tu kwa wiki, Ijumaa ukiwa huru tangu asubuhi, na ukawacheka wenzako wa maabara. Zile saa 25 zilizobaki hazikufutwa, zimehamishiwa kwako. Zimo kwenye orodha ya makala za kusoma kabla ya semina, kwenye insha ya kurasa nane hadi kumi, na kwenye uwasilishaji ambao kundi zima linategemea mtu mmoja afungue kompyuta. Anayeishi kwa madesa (notisi za kurithi) ya kaka zake hupata C mfululizo na haelewi kwa nini, kwani aliandika yaleyale aliyosema mhadhiri. Kosa ni hilo hasa. Msahihishaji alitaka hoja yako, ushahidi wa maandishi mawili matatu, na mahali unapotofautiana nayo. Vyuo pia hupitisha kazi kwenye programu za kukagua uigaji, kwa hiyo kudesa kwa kunakili kuna adhabu yake.

Na kuna jambo la lugha, ambalo watu wa sanaa hulisahau kuliko wote. Ukiacha programu za Kiswahili zenyewe, karibu kila kitu chuoni kinaandikwa kwa Kiingereza. Ripoti ya maabara ina umbo lake. Ukilishika, sentensi zinajirudia. Insha haina umbo la kukubeba. Kijana wa HGK (historia, jiografia, Kiswahili) aliyekimbilia sanaa kwa sababu "haina hesabu" hukuta kwamba chombo chake cha kazi ni Kiingereza cha kujenga hoja, na hakukinoa. Hatusemi asiende. Tunasema atumie miezi ya kusubiri chuo kusoma na kuandika kwa Kiingereza kila siku, hata ukurasa mmoja.

Kwa wale wa uchumi na takwimu ukuta ni mwingine: hisabati. Mwaka wa kwanza kuna hisabati ya wanauchumi, wa pili kuna nadharia zinazotumia kalkulasi na matriki bila kuomba radhi, wa tatu kuna ekonometriki na kazi ya kompyuta kwa Stata au R. Hivyo ndivyo ilivyo hata pale cheti kitakaposomeka B.A. Jipime kabla ya kuomba. Gharama ya kuzalisha bidhaa ni C = 2q² − 12q + 50. Gharama inakuwa ndogo kabisa q ikiwa ngapi? Ukitafuta drivativu unapata 4q − 12, unaiweka sawa na sifuri, q ni 3, na gharama ni 32. Kama hilo umelifanya kwa dakika tano bila kumpigia mtu simu, uchumi utakubeba. Kama umeliona ni Kigiriki, una njia mbili: kurudia sura za kalkulasi za BAM kabla chuo hakijafunguliwa, au kuchagua sosholojia, jiografia, maendeleo ya jamii au siasa, ambako takwimu zipo lakini hazishiki usukani. Jaribio kama hili kwa upande wa sanaa: chukua tahariri ya gazeti usiyokubaliana nayo, andika maneno 300 ya kuipinga kwa sababu tatu, kila sababu na ushahidi wake. Ukikwama kwenye sababu ya pili, insha za kurasa kumi zitakutesa.

GPA nayo ina mtego wa krediti. Kwa vyuo vinavyotumia A = 5, B+ = 4, B = 3, C = 2, kila alama huzidishwa kwa krediti za kozi. Ukipata C kwenye kozi ya krediti 16 na A kwenye ya krediti 8, wastani wa hizo mbili ni 72 gawanya kwa 24, yaani 3.0. Zibadilishe, A iwe kwenye kozi nzito, unapata 4.0. Kwa hiyo unapolinganisha programu mbili, fungua mtaala, tafuta kozi zenye krediti nyingi mwaka wa kwanza na wa pili, ujiulize kama hizo nzito ndizo unazoziweza. Kuna watu wa sayansi wanaojivunia A za stadi za mawasiliano na maarifa ya maendeleo huku kozi nzito zikiwakalia shingoni. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na hiyo 2.7 ndiyo sakafu ya kawaida ya kuingia shahada ya uzamili. Kuwa na B.Sc. ya GPA 2.4 kwa sababu mjomba alisema sayansi ina kazi ni kujifungia mlango ambao B.A. ya 3.8 ingeuacha wazi.

Tukija kwenye ajira, tunawashauri vijana wasome matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kabla ya kuchagua programu, si baada ya kuhitimu. Nenda kwenye sehemu ya sifa za mwombaji. Kwa mchumi, mtakwimu au afisa mipango, utakuta zimetajwa fani: uchumi, takwimu, mipango na zinazofanana nazo, kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Fani ndiyo inayotazamwa, na B.A. ya uchumi na B.Sc. ya uchumi hukaa benchi moja. Kinachowakwaza wahitimu ni programu zenye majina marefu ya kisasa, maneno manne yameunganishwa kwa "na", ambayo hayamo kwenye orodha ya tangazo lolote. Jina likikuvutia, litafute kwanza kwenye matangazo matano tofauti. Usipoliona hata kwenye moja, jiulize nani atakayeliajiri. Kwenye afya, uhandisi na maabara hali ni nyingine, kwa sababu kuna mabaraza na bodi za usajili, na bila programu inayotambuliwa nao hata ujuzi wako ungekuwa mkubwa namna gani hutasajiliwa.

Fedha nazo zina upande. Katika miongozo yake ya miaka ya nyuma Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati kwenye kundi la kwanza la kipaumbele. Samia Scholarship, ufadhili wa Serikali ulioanza 2022/23, huwalenga waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita na wakaendelea na fani hizo. Ni sababu halali ya kupima, hasa kwa familia isiyo na akiba, lakini mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi, iwe ulisoma sanaa au sayansi. Ombi la mkopo ni mfumo mwingine kabisa na ombi la chuo. Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne kwenye yote mawili, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Waliokosa bumu (fedha za mkopo) kwa sababu ya namba mbili tofauti tumewaona, na kulia kwao hakukurudisha dirisha.

Ukigundua umekosea, kuhama kunawezekana wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, kukiwa na nafasi na ukiwa na sifa za programu unayoiendea. Kutoka sayansi kwenda sanaa ni rahisi zaidi kwa sababu programu nyingi za sanaa hupokea mchanganyiko mpana wa masomo. Kinyume chake hukwama kwenye prinsipo za kemia, fizikia au hisabati. Hivyo mwenye sifa za pande zote na moyo uliogawanyika kabisa, tunamwelekeza aombe ya sayansi kwanza. Hatufanyi siri kwamba baadhi yetu hawakubaliani na ushauri huo. Wanasema unamfanya kijana asome kwa wasiwasi.

Kwa aliyepungukiwa pointi kuna programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, yenye makundi ya sanaa, sayansi na biashara. Unahitaji kuwa na pointi 1.5 za kidato cha sita kutoka masomo mawili, kisha umalize na GPA ya 3.0 pamoja na C au zaidi katika masomo matatu ya kundi lako. Kundi unalochagua pale ndilo litakaloamua uombe nini baadaye, kwa hiyo swali la sanaa au sayansi linarudi tena, safari hii likiwa na ada.

Jirani zetu wa Kenya swali hili linawafikia kwa njia nyingine. Huko aliyemaliza kidato cha nne kwa C+ huomba kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, na masomo manne ya klasta (kundi la masomo ya programu husika) ndiyo yanayompima, kila moja likiwa na alama zisizozidi 12, jumla 48. Kwa mtaala mpya, tangu Januari 2026 wanaoingia gredi ya 10 huchagua kati ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi ya jamii; au sanaa na michezo. Uchaguzi umeshuka hadi kwa mtoto wa miaka kumi na mitano, na mzazi wa huko ana haraka kuliko wa huku.

Ukidahiliwa vyuo viwili au zaidi utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, na itabidi uchague kimoja kabla ya tarehe iliyowekwa. Kabla hujaiingiza, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu ile. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa, na mhitimu ameshasahau au anajisifu. Muulize kozi ipi iliwapa watu wengi sapu (mtihani wa marudio) na kwa nini, wiki moja ina praktiko ngapi au insha ngapi, fildi (mafunzo ya vitendo kazini) alifanyia wapi na nani aliyemtafutia nafasi. Muombe akutumie picha ya ratiba yake ya muhula huu. Kaa nayo usiku mmoja, uitazame siku baada ya siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ndipo uiingize namba.